Mafua ya Dubai

Mama mmoja wa Dar es Salaam alikwenda Dubai mwezi Agosti kupumzika. Si kufuata mzigo mtaani Deira kama jirani zake wa Kariakoo, kupumzika tu. Mlangoni pa uwanja wa ndege joto lilimpiga usoni kama mvuke wa sufuria ya pilau iliyofunuliwa ghafla, akakimbilia kwenye jengo kubwa la maduka. Humo akaingia Ski Dubai, kilima cha theluji chini ya paa tangu 2005, akavishwa koti zito akatazama pengwini. Nje nyuzi 40 na ushei, ndani meno yanagongana. Na amelipa!

Burj Khalifa, mnara wa mita 828, aliusifu hadi shingo ikauma.

Kilichomkosha hasa ni abra, mashua ya mbao inayovuka hori kutoka Deira hadi Bur Dubai kwa dirham 1. Upepo wa bure, harufu ya dizeli, vibarua wamebanana wakisinzia. Hao, kuanzia Juni 15 hadi Septemba 15, sheria inakataza wafanyishwe kazi juani saa 6:30 hadi saa 9 mchana. Mama, aliyekaa kivulini kutwa nzima, alirudi na mafua. Na mabegi matatu ya mzigo.