Uchumi wa Mnywaji wa Nyumbani

Miongoni mwa wanauchumi ambao vyuo vya Afrika Mashariki havijawatunuku shahada, anayestahili kutajwa kwanza ni mnywaji aliyehamishia baa sebuleni kwa hoja ya kubana matumizi. Hesabu yake huanzia kwenye kiwango cha kilevi, yaani sehemu ya ujazo wa kinywaji ambayo ni alkoholi tupu: chupa ya bia ya Tusker ya mililita 500, yenye asilimia 4.2, hubeba mililita 21, ilhali Safari ya ujazo huohuo, yenye asilimia 5.5, hubeba 27.5, hivyo mtaalamu huyu hukata shauri kwamba ladha ni anasa na kwamba bia hupimwa kwa shilingi zinazolipwa kwa kila mililita ya kulewesha. Kwa kipimo hicho Konyagi, pombe kali yenye asilimia 35, ingeshinda bila jasho, lakini hapo mtaalamu hukumbuka ghafla kuwa yeye ni mtu wa bia. Kreti hununuliwa kwa bei ya jumla pamoja na amana, yaani fedha za dhamana ambazo hurejeshwa chupa zikirudi, nazo ni nadra kurudi zote. Baa ilikuwa na saa ya kufunga. Sebule haina, na mashemeji, ambao msimu wa karo hawaonekani, huijua njia ya kwenda kwenye jokofu hata umeme ukikatika. Akiba iliyokusudiwa kuonekana mwisho wa mwezi haionekani. Anayeonekana ni mwenye akiba, tarehe 15, dukani, akiomba kreti ya tatu kwa mkopo.