Mnunuzi wa Mwisho Haulizwi

Mtsss! Kijana wa boda alikuja na simu yake kijiweni, hapa Migori karibu na daraja, akatuonyesha tangazo la laptopu mpya: nyembamba kuliko ya mwaka jana, nyepesi kuliko ya mwaka juzi. Vichwa vyote vikainamia kile kioo. Fundi wetu wa kompyuta ndiye peke yake aliyesonya. "Omera," akamwambia, "hiyo itafika mezani kwangu mwaka 2031, betri imekufa, na sitakuwa na namna ya kuisaidia." Hakuna aliyembishia.

Tuongee ukweli, jamani. Laptopu nyingi za Migori, Rongo, Awendo, Oyugis na Homa Bay hazikuanzia maisha huku. Ni ex-UK. Ofisi fulani ya Uingereza imezitumia miaka mitatu, minne, ikaziuza kwa jumla, zikapanda meli hadi Mombasa, zikafika Nairobi kwenye maduka ya Luthuli Avenue, kisha zikaletwa kwetu na basi la usiku. Ukiigeuza moja kwenye mwanga utaona alama ya gundi pale ilipobanduliwa nambari ya mali ya ofisi, na kwenye kitufe cha 3 utakuta alama ya pauni. Ndiyo hiyo anayonunua mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo kwa elfu ishirini na kitu, pesa za mkopo wa HELB zikiingia. Ndiyo hiyo dada wa saiba anayowafungulia watu tovuti za KUCCPS, eCitizen na iTax kuanzia asubuhi hadi giza linapoingia.

Kwa hiyo toleo lijalo linalochorwa leo huko Marekani, China na Taiwan ni letu pia, ila linatufikia kwa kuchelewa. Mnunuzi wa kwanza atakaa nalo miaka mitatu ndani ya ofisi yenye kiyoyozi na stima isiyopotea. Kisha litaishi miaka mingine sita, saba, mikononi mwetu, kwenye vumbi na jua na stima ya kurukaruka. Sehemu kubwa ya maisha yake ni huku kwetu. Lakini anayeulizwa anataka nini ni yule wa miaka mitatu, na hilo ndilo linalotuuma.

Wepesi wenyewe hatuna ugomvi nao. Mwalimu anayetoka Mbita kwa boti kwenda Mfangano, begi mgongoni, madaftari ya wanafunzi mkono mmoja na viatu mkono wa pili akishukia majini, huyo anajua thamani ya kila gramu. Hata aliyepakizwa bodaboda watatu watatu kutoka Kendu Bay anaijua. Kinachotukera ni kile kinachokatwa ili wepesi huo upatikane.

Chukua ThinkPad, maana ndizo zimejaa hapa. X270 ya mwaka 2017 ilikuwa na betri mbili: moja ndani, nyingine nyuma unayoifyatua kwa vidole bila kuzima mashine. Ukiwa na betri ya akiba mkobani, ulibadilisha ukaendelea na kazi. RAM yake ni kijibao unachochomoa na kuweka kikubwa zaidi. Mwaka uliofuata ikaja X280. Betri ya nyuma ikaondolewa, RAM ikalehemiwa kwenye bodi, hata tundu la waya wa intaneti likabanwa hadi ukahitaji kiunganishi cha kununua kando. Na kilichopatikana? Mashine ilipunguza uzito usiofika robo kilo. Mtu aliyeamua London kwamba GB 4 zinamtosha, amemwamulia pia mwanafunzi wa Awendo asiyemjua. Ni sawa na kuuziwa pikipiki ambayo magurudumu yamechomelewa kwenye fremu: tairi ikiisha, pikipiki imeisha.

Halafu ikaja ngumi ya pili. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 nayo, kwa masharti yake rasmi, haizipokei prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane isipokuwa chache sana. X270 ina kizazi cha sita au cha saba, basi imefungiwa mlango. X280 yenye kizazi cha nane imekaribishwa. Yaani ile inayotengenezeka ndiyo inayofukuzwa, na ile isiyotengenezeka ndiyo inayobaki. Mtsss! Katikati ya hizo mbili iko T480 ya mwaka 2018, nzito kidogo, yenye betri ya kufyatua, nafasi mbili za RAM, na zile za kizazi cha nane Windows 11 inazikubali. Ukimuuliza fundi wetu ununue nini, hutaja hiyo kabla hujamaliza swali. Wapo waliohamia mfumo wa Ubuntu wakaendelea na X270 zao bila shida, nami nawaunga mkono kabisa. Ila mwanafunzi ambaye mhadhiri anamdai faili la Word lisilobadilika hata mstari mmoja hawezi kuamua hivyo peke yake.

Sasa, tunataka nini kwenye toleo lijalo?

Mama mwenye duka la kuchapisha huko Homa Bay alinijibu kwa neno moja: stima. Mvua ya jioni ikianza kunguruma juu ya ziwa, anachomoa kila waya ukutani kwa sababu anajua radi za huku. Ana sola juu ya paa na betri ya volti 12 chini ya meza. Lakini ili achaji laptopu yake ya zamani, umeme lazima utoke betrini kwa volti 12, inveta iupandishe hadi 240, kisha chaja iushushe tena hadi volti 20 hivi. Kila hatua inakula chake, na sehemu ya kilichokusanywa mchana kutwa inaishia kuwa joto kwenye inveta. Laptopu inayochaji kwa USB-C haihitaji mzunguko huo: chaja ndogo ya aina inayochomekwa kwenye gari, yenye nguvu za kutosha, inatoka betrini hadi kwenye mashine moja kwa moja. Umoja wa Ulaya umeamuru chaja ya aina moja, kwa simu tangu mwisho wa Desemba 2024, na kwa laptopu tarehe iliyowekwa ni 28 Aprili 2026. Walijitungia wenyewe sheria hiyo, lakini mama wa Homa Bay atafaidika nayo kuliko wao.

Tatizo ni tundu lenyewe. Pale saiba waya unaingia na kutoka siku nzima, mwishowe tundu linalegea, ukigusa meza chaji inakatika. Na kwenye laptopu nyingi nyembamba tundu hilo limelehemiwa kwenye bodi kuu. Kipande kidogo kuliko ukucha kinaiangusha mashine nzima. Tunataka tundu likae kwenye kijibodi chake, lishikwe na skrubu mbili, libadilishwe mteja akisubiri kwenye benchi.

Wasituambie haiwezekani! Kampuni ya Framework ya San Francisco, tangu mwaka 2021, inauza laptopu ya kilo 1.3 hivi ambayo matundu ya pembeni ni vidude unavyovichomoa kwa mkono, na RAM yake ina nafasi mbili za kuchomeka. Mwaka 2024 Lenovo wenyewe, waundaji wa ThinkPad, walitoa ThinkPad T14 ya kizazi cha tano waliyoitengeneza wakishauriana na iFixit, wale wanaopima jinsi vifaa vinavyotengenezeka, ikapata 9 kwa 10. Mwaka huohuo ikatoka ThinkPad P1 yenye RAM ya aina mpya, bapa, inayofungwa kwa skrubu badala ya kulehemiwa. Wembamba haukuwahi kuwa sababu ya kutosha.

Nilikaa na fundi siku moja akifungua laptopu iliyotoka Mbita. Malalamiko yalikuwa kwamba inajizima. Akageuza, akalegeza skrubu za kawaida za msalaba, akainua kifuniko cha chini. Kwenye mdomo wa feni palikuwa na tabaka la vumbi la kijivu, na ndani yake mbawa za wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kwa makundi usiku na kufuata taa. Akalibandua zima kwa kucha, akasafisha mapezi ya shaba kwa brashi ya rangi, akaweka krimu mpya juu ya prosesa, akafunga. Mwenye mashine alikuwa amemaliza soda moja tu. Mashine ikawaka, feni ikatulia. Ingekuwa ni ile iliyofungwa kwa gundi, angeambiwa arudi nayo nyumbani hivyohivyo. Kibodi ni hivyo pia: kuna mashine unalegeza skrubu chache unaweka nyingine, na kuna zile ambazo kibodi imepigwa ripiti kwenye ganda la juu, vitufe vitatu vikifa unanunua ganda zima.

Na jua, je? Karani wa ufuoni anayejaza kilo za omena na mbuta anajifunika koti kichwani ndipo aone jedwali. Ile laptopu ndogo ya kijani ya watoto, XO ya mradi wa One Laptop per Child, ilianza kutengenezwa mwaka 2007, na Rwanda ilichukua zaidi ya laki mbili. Bei ya dola 100 waliyoahidi haikufikiwa, na mwendo wake ulikuwa wa pole. Lakini kioo chake, kazi ya Mary Lou Jepsen, kilisomeka juani: rangi zilififia, maandishi yakabaki wazi. Mwaka 2007! Kioo kama hicho kimepotelea wapi kwenye laptopu za kawaida?

Sisi Wakenya tuliwahi kuwa wanunuzi wa kwanza, tena wakubwa. Ahadi ya serikali ya mwaka 2013 ya kuwapa laptopu wanafunzi wa darasa la kwanza iliyumba kwenye zabuni, ikageuka kuwa vishikwambi vilivyoanza kufika shuleni mwaka 2016, vikiletwa na Chuo Kikuu cha Moi pamoja na JP Sá Couto ya Ureno, na JKUAT pamoja na Positivo BGH. Shule zisizofikiwa na nyaya ziliwekewa sola. Hapo serikali ilikuwa na nafasi ya kuandika kila sharti, na nafasi hiyo haijaisha. Kaunti za Migori na Homa Bay hununua kompyuta. Vyuo hununua. Hospitali hununua. Maafisa wa ununuzi, tafadhalini, andikeni kwenye zabuni: RAM ya kuchomoa, betri ya skrubu, chaji ya USB-C, vipuri kupatikana miaka saba. Kampuni husikiliza anayenunua mia tano kwa mkupuo. Mimi wa kijiweni hazinisikii.

Na wewe unayetaka kutuma pesa Luthuli wiki hii, mpigie muuzaji kwanza. Muulize ni kizazi cha ngapi. Muulize kama inachaji kwa USB-C, na umwombe akutumie picha ya tundu lenyewe likiwa limechomekwa waya. Muulize RAM ni GB ngapi na kama inachomoka. Akikwambia ni GB 4 na imelehemiwa, usitume hata shilingi.