Shangazi Mafiga Anajibu: Anayenyanyua Ndiye Anayepanga

Nilizoea kuletewa barua za mapenzi, lakini wiki hii karibu kila bahasha imekuja na trei, sufuria au rafu ndani yake. Sababu naijua. Juni imeingia, baridi imeshuka, watu wamekimbilia jikoni kuoka kwa kuwa ndiko kwenye joto, na wakishafungua kabati ndipo ugomvi unapoanza. Basi mapenzi yasubiri. Leo tunajibu vyuma.

Shangazi, *naoka skonzi na keki na kuwauzia abiria wa mabasi hapa Makambako. Nina trei 12 za chuma, kila moja inakaribia kilo moja na nusu. Mume wangu ameagiza zikae juu ya kabati la vyombo sebuleni, zimelazwa moja juu ya nyingine, ili wageni wakiingia wajue nyumba hii ina kazi. Kila alfajiri napanda stuli. Nifanyeje?*
— Mama Skonzi, Mwembetogwa

Mama Skonzi, pole na mabega. Hebu tupige hesabu. Trei 12 kwa kilo moja na nusu ni kilo 18. Unayoihitaji siku zote ni ile ya chini kabisa, maana ndivyo trei zilivyo. Kwa hiyo kabla hujaigusa umeshanyanyua kilo 16 na nusu, ukiwa juu ya stuli, gizani, mikono imepita kichwa. Makuli wa stesheni ya TAZARA hapo jirani yako wangekataa kazi hiyo mpaka wapatane bei.

Kilo hizohizo zikiwa usawa wa kiuno na karibu na tumbo, mgongo hauna neno nazo. Zikishikwa kwa mikono iliyonyooka juu, mgongo unazilipia mara kadhaa. Kwa hiyo kizito kikae kati ya goti na kiuno. Cha uzito wa wastani kikae usawa wa kifua. Juu ya kichwa weka mabakuli ya plastiki, vikapu, na kadi za michango ya harusi ambazo hujazilipa. Na ukumbuke kwamba kabati lililobebeshwa kichwani ni jepesi kuanguka mbele, hasa mtoto akining'inia mlangoni.

Trei usizilaze, zisimamishe. Mwite seremala apigilie vibao vyembamba vya wima ndani ya sehemu ya chini ya kabati, nafasi ya vidole vinne kati ya kibao na kibao. Hapo utavuta trei moja na kumi na moja hazitajua kama umepita.

Kuhusu mume, sheria ya safu hii ni moja: anayenyanyua ndiye anayepanga. Mwambie trei zinaweza kubaki juu bila tatizo lolote, mradi yeye ndiye atakayezishusha saa kumi alfajiri na kuzirudisha jioni. Wageni nao watajua nyumba ina kazi siku watakapokaribishwa skonzi.

Shangazi, *mimi ni baba wa familia, mtaa wa Ramadhani, Njombe mjini. Nilimtengenezea mke wangu rafu ya mbao ya paini, moja kwa nane, urefu futi nane, nikaishikiza ukutani kwa vyuma viwili, kimoja kila mwisho. Akapanga sufuria zake nzito za kuokea. Haukupita muda rafu ikabonyea katikati. Sasa shemeji zangu wakija wanaitazama rafu, kisha wananitazama mimi.*
— Fundi wa Jumapili

Fundi, mtu wa Njombe kushindwa na mbao ni sawa na mvuvi wa Matema kununua dagaa wa kopo. Kampuni ya miwati ya TANWAT ilianza hapa mwaka 1949, misindano ikafuata, na hadi leo malori yanapita Makambako usiku na mchana yamebeba mbao za kwetu. Wewe umeshindwa na kipande kimoja. Lakini umeandika, na aliyeuliza hupata njia.

Umekosea kwanza kwenye urefu. Ukirefusha nafasi kati ya vishikizo mara mbili, mzigo ukiwa uleule, mbao haibonyei mara mbili, inabonyea mara nane. Ukiongeza unene mara mbili, kubonyea kunashuka hadi sehemu moja ya nane. Kwa hiyo dawa ya haraka ni kishikizo cha tatu pale katikati, futi nane ziwe nne na nne. Kisha chini ya ukingo wa mbele pigilia mbao ya mbili kwa nne ikiwa imesimama, usiilaze. Mbao hiyohiyo ikisimama ni ngumu mara nne kuliko ikilala.

La pili hukuliandika, ila nalinusa: ulinunua mbao mbichi kwa kuwa ilikuwa rahisi. Mbao mbichi ikibebeshwa mzigo huku inakauka, hukaukia palepale ilipopinda. Hata ukiondoa sufuria leo, tumbo litabaki. Ifungue, uigeuze tumbo litazame juu, ndipo uweke kishikizo cha katikati. Shemeji watadhani ni mbao mpya.

La tatu ni ukuta. Kama ni wa tofali mbichi, skrubu zako zimeshika vumbi tu. Rafu ya vyombo vizito ishuke kwa miguu yake mpaka chini, maana sijawahi kusikia sakafu imeanguka. Na safari hii, kabla hujapiga msumari, mwambie mkeo asimame na akunje kiwiko, uweke alama hapo. Umeweka rafu kwa kimo chako, Fundi, na wewe huoki.

Shikamoo Shangazi. *Nimeolewa Lyamkena. Mama mkwe amenikabidhi sufuria ya chuma ya miguu mitatu ambayo babu alirudi nayo kutoka Wenela. Ni nzito kuliko mtoto wangu. Kwenye rafu haikai, kwenye jiko la gesi haikai, na nikiiacha wiki mbili inaota kutu. Mama mkwe akija anaifunua kwanza, ndipo anisalimie.*
— Mkwe Mpya

Marahaba mwanangu. Kwanza ujue ulichopewa. Wenela ndiyo ile kampuni iliyokuwa ikikusanya vijana wa nyanda hizi za juu kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini, mpaka Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 na mlango ule ukafungwa. Mtu aliyetoka huko na chuma kama hicho hakukibeba njia nzima ili kiishie nyuma ya mlango pamoja na mafagio. Mama mkwe anapofunua mfuniko, hakukagui wewe peke yako. Anamwangalia na baba yake mkwe.

Miguu ile si pambo, iliwekwa ili makaa yakae chini ya tumbo la sufuria. Ndiyo maana rafu na gesi vinaikataa. Mahali pake ni sakafuni, kando ya jiko la mkaa, juu ya kipande cha ubao ili isigusane na saruji yenye unyevu. Usiihamishe kila siku. Kitu cha uzito huo kinatakiwa kukaa hatua mbili kutoka kinapopikiwa.

Sasa kutu. Makambako mnajigamba kwamba baridi yenu haifikii ya Njombe mjini, lakini ukungu wa Juni hauulizi umezaliwa wapi. Chuma cha kusubu hushika kutu kikipata maji na hewa. Hewa huwezi kuizuia, basi pambana na maji. Ukishaosha, irudishe jikoni juu ya moto mpaka ikauke kabisa, ndani na nje. Ikiwa bado ina joto, ipake mafuta ya alizeti kidogo kwa kitambaa, halafu uyafute mpaka udhani yameisha. Mafuta mengi huganda na kunata. Machache yakikutana na moto hugeuka ngozi nyeusi ngumu, na ngozi hiyo ndiyo kinga yenyewe, kwa hiyo usiikwangue kwa stili waya ukidhani ni masizi.

Mfuniko usiubane. Kunja karatasi ya gazeti uiweke mdomoni ili hewa ipite. Na usiivishe mfuko wa plastiki, hata kama una akiba uliyoificha tangu ilipopigwa marufuku Juni 2019: mfuko unafungia unyevu ndani pamoja na sufuria.

Mwisho, ioke. Chuma kinachotumika hakipati nafasi ya kuota kutu. Weka makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko, kwa sababu joto la chini linagusa chuma moja kwa moja ila la juu lina safari ya kushuka. Mama mkwe akifunua akakuta mkate, salamu itatangulia.

Shangazi, *oveni yangu ya mkaa ya bati ni kubwa kuliko jiko langu. Ninapanga chumba kimoja, Kibena. Nikimaliza kuoka jioni naiingiza chumbani na makaa yaliyobaki. Inapata pa kukaa, na mimi napata joto. Tatizo ni masizi ukutani. Niyaondoe na nini?*
— Mwenye Baridi

Mwanangu, achana na masizi. Hapa sitanii. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, isiyokukohoza wala kukuwasha macho. Kichwa kinauma, mwili unalegea, wewe unadhani ni usingizi. Makaa yaliyofunikwa na majivu, yanayoonekana kama yamekufa, bado yanaitoa. Tundu dogo la dirisha halitoshi. Kuanzia leo usiku makaa yasilale nawe chumba kimoja.

Ukimaliza kuoka, yatoe makaa uyaweke nje kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko, mbali na mbao na mbali na watoto. Oveni iachwe barazani mpaka uweze kuweka kiganja juu yake na kukiacha hapo. Ndipo iingie ndani, ikiwa tupu. Ili usiiburuze, seremala akutengenezee fremu fupi ya mbao ya mbili kwa mbili na magurudumu manne chini. Mchana kutwa oveni iliyopoa ni kabati zuri: trei zako zikae humohumo ndani, ila uzitoe kabla ya kuwasha. Kwa baridi ya Julai, nunua blanketi la pili.

Shangazi, *mke wangu ana sufuria na mabati ya keki tisa, na kila wiki namwona akitumia mawili tu. Mnunuzi wa vyuma chakavu anapita mtaani kwetu. Niuze saba?*
— Mpenda Nafasi, Mji Mwema

Mpenda Nafasi, umehesabu wiki, hukuhesabu mwaka. Muulize yale saba yalitumika lini. Utasikia Krismasi, Pasaka, kipaimara cha mtoto wa dada yako, na siku wewe mwenyewe ulipoleta wageni tisa bila taarifa. Vyombo vya msimu havihitaji mnunuzi, vinahitaji sanduku. Vioshwe, vikaushwe motoni, vipakwe mafuta kidogo, kisha viingizwe kimoja ndani ya kingine, gazeti katikati visikwaruzane. Sanduku liwe fupi, lenye vishikio viwili, lisijazwe kupita mtu mmoja anavyoweza kuvuta, na likae chini ya kitanda. Juu yake andikeni kilichomo, la sivyo Desemba mtafungua yote.

Ukiuza bila kuuliza, jua hili: kule Ludewa, chuma cha Liganga kimesubiri kuchimbwa miaka na miaka. Na wewe utausubiri msamaha.

Shikamoo Shangazi. *Natoka Makete, nafanya kazi za ndani kwa familia moja Makambako. Mama anapenda kuoka. Vyombo vizito vyote viko juu, na anayevishusha ni mimi, nami ni mfupi. Wamekaa kikao mara mbili kuhusu kabati jipya. Baba anataka vioo, mama anataka rangi ya kahawia, watoto wanataka droo. Mimi sijaulizwa. Nisemeje bila kuonekana mjuaji?*
— Dada wa Kazi

Marahaba mwanangu. Mabinti wa Njombe na Iringa wanajulikana kwa kuendesha majiko ya watu mpaka Dar es Salaam, na majiko hayo hupangwa na wasioingia humo ila kuonja. Wewe si mjuaji. Katika nyumba hiyo ndiwe unayejua.

Usianze kwa kulalamika, anza kwa kuomba msaada. Siku ya kuoka, mama akiwa karibu, panda stuli taratibu na useme, "Mama, naomba unipokee hizi." Mpe trei ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha sufuria ya kusubu na mfuniko wake. Usiharakishe, usalama wako ni mbele. Mikono ikishajua, mdomo hauna kazi kubwa. Akisema, "Kumbe ni nzito hivi!" ndipo uwe na jibu lililoiva: trei zisimame kwenye sehemu ya chini, sufuria nzito ikae sakafuni juu ya ubao, plastiki zipande juu. Sema hayo mara moja, kwa adabu, kisha uendelee na unga.

Nanyi wenye nyumba mnaosoma: kabla seremala hajakata mbao ya kwanza, mpimieni kimo huyu binti. Na kikao cha tatu mwiteni. Apewe kiti akae, asisimamishwe mlangoni na sinia la chai.

Wiki ijayo: mifuniko iliyobaki bila sufuria, ni ya nani? Andikeni kwa kifupi, na wanaume mtaje kama mmewahi kuinyanyua.