Daktari Jaribio

Mimi ni mtu wa kompyuta hospitalini. Nina miaka 43 na kipara cha kutosha, lakini hapa naitwa "kijana wa kompyuta", na kijana kazi yake kutumwa. Printa ikigoma naitwa. Feni ya wodi ya wazazi ikipiga kelele naitwa pia, maana nayo ina waya. Basi programu mpya ya hospitali ilipoletwa, Mganga Mfawidhi alinikabidhi karatasi yenye majina 64: "Waingize wataalamu wote. Jumatatu tunaanza." Ilikuwa Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri.

Nilidhani kumwingiza daktari ni kuandika jina na kubonyeza hifadhi. Wapi! Programu hii haimjui daktari, inamjua "mhusika". Mhusika anaweza kuwa mtu, duka la dawa, hata hospitali yenyewe. Ukishamsajili, unaweka tiki kwamba huyu ni binadamu. Halafu tiki nyingine kwamba binadamu huyu ni mtaalamu wa afya. Kisha unahamia ukurasa mwingine, unamtafuta yule yule uliyetoka kumwandika, unampa taaluma, namba ya usajili na kituo cha kazi. Kituo hakikuwemo. Ikabidi niisajili kwanza hospitali ambayo nimekaa ndani yake miaka tisa. Daktari wetu wa upasuaji nilimsahau ile tiki ya ubinadamu, akashinda wiki nzima kwenye orodha moja na wanaotuletea glovu.

Kisha kuna namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, kwa hiyo hakuna siri. Metroni alipofika zamu yake alisimama mlangoni.

"Mwanangu, hiyo namba ni lazima?"

"Shikamoo mama. Ni lazima."

Akafunga mlango, akanipa kitambulisho kikiwa kimegeuzwa chini. Mwaka nilioukuta sitautaja hapa, maana sindano zangu anachoma yeye.

Namba za usajili nazo zina ukoo wake. Madaktari wana Baraza la Madaktari Tanganyika, wauguzi na wakunga wana lao, wafamasia lao, watu wa maabara lao. Kila mmoja na leseni yake na tarehe yake ya kuisha, na wote ni lazima waingie kwenye kisanduku kimoja kisichotaka mkwaju wala nukta. Nusu ya watu walinipa cheki namba ya mshahara, hiyo ndiyo wanayoikumbuka usingizini. Mmoja alinipa namba ya pikipiki, na nilishaihifadhi kabla hatujagundua.

Lakini kilichonimaliza ni orodha ya taaluma. Daktari wa viungo vya wanamichezo yumo. Bingwa wa moyo wa watoto yumo, ambaye hapa kwetu tunamwona kwa rufaa tu. Tabibu hayumo. Tabibu! Mtu anayeona wagonjwa tangu asubuhi mpaka foleni inakwisha, programu haijawahi kumsikia. Wetu wa chumba namba 2 alinisimamia mgongoni akauliza kwa upole, "Sasa mimi umeniweka wapi?" Nikamwambia bado nakutafutia. Mhudumu wa wodi sikumgusa kabisa. Hana namba ya baraza lolote, japo yeye ndiye pekee anayejua machela inafichwa wapi.

Jumatatu tukaanza. Saa mbili na dakika kumi daktari wa miaka 22 kazini aliandika dawa, na kioo kikamjibu kwamba yeye si mtaalamu wa afya. Kumbe mtaalamu ni kitu kimoja na mtumiaji mwenye nywila ni kitu kingine, na usipowafunga pamoja hawajuani. Nilikuwa nimewafunga 11 tu kati ya 64. Daktari hakupandisha sauti. Aliniita, akanionyesha kioo kwa kidole, akaenda kunywa chai.

Sasa niungame. Ijumaa ile, ili nijue mambo yanakwendaje, nilitengeneza daktari wa uongo, jina AAA Jaribio. Nikasahau kumwondoa. Orodha inapangwa kwa alfabeti, kwa hiyo Jaribio alikaa kileleni, na dada wa mapokezi, kila alipomkosa tabibu wa chumba namba 2, alibonyeza jina la kwanza analoliona. Karatasi zikatoka: Chumba 2, Dk. AAA Jaribio. Tabibu akatibu, Jaribio akaandikiwa.

Kumfuta haiwezekani. Programu inasema ana wagonjwa. Kwenye ripoti ya mwezi ameongoza hospitali nzima, mhasibu anadai namba yake ya leseni kwa ajili ya bima, na Mfawidhi ameuliza kwa nini haonekani kwenye kikao cha asubuhi. Juzi nimepita dirishani nikamkuta bibi mmoja kaishika karatasi yake ya zamani, kagoma kupelekwa kwa mwingine.

"Nipeleke kwa huyu huyu Jaribio," anasema. "Dawa zake zinanikubali."