Viatu vya Kushoto

Mvua ikinyesha Oldeani usiku mmoja tu, asubuhi udongo unakuwa kama ugali uliokosa moto. Ni mwekundu, unanata, na ukishakupanda miguuni utaufua hadi kwenye shuka. Ndiyo maana huku kwetu mgeni haambiwi avue viatu. Anavua mwenyewe, anavipanga mlangoni, anaingia peku. Ni heshima, na pia ni kubana matumizi ya sabuni.

Kwangu, sasa hivi, mgeni anaingia na viatu vyake hadi kwenye zulia. Akiinama kuvua, namshika mkono. "Hapana, ndugu yangu, ingia navyo hivyo hivyo." Anadhani nimepata fedha. Mama mkwe wangu, aliyeninunulia zulia hilo, anatazama ukutani.

Chanzo ni chui. Mbwa wetu wa zamani alitoweka usiku mmoja bila kelele, na asubuhi wazee wakatazama juu, kwenye msitu wa hifadhi ya Ngorongoro, wakatikisa vichwa. Mlima Oldeani una zaidi ya mita 3,000, na jina lake la Kimaasai maana yake ni mianzi, ile inayoota huko juu. Ukishuka kutoka kwenye mianzi unakutana na msitu, ukitoka msituni unakutana na kahawa, ukitoka kwenye kahawa unakutana na banda langu la mbuzi. Chui anaijua njia hiyo vizuri kuliko bodaboda. Tembo nao hushuka mahindi yakikomaa. Kwa hiyo kukaa bila mbwa huku ni kulala jicho moja wazi, na mume wangu akaahidi kuleta mlinzi.

Siku ya mnada alirudi kutoka Karatu amefunga zipu ya koti hadi kidevuni. Nikajua ameanza homa. Nilipomkaribia na chai, koti likapiga chafya.

Mlinzi mwenyewe alienea kwenye bakuli la mboga. Masikio makubwa, tumbo la minyoo, rangi ya vumbi la kiangazi. Watoto wakamzunguka, kila mmoja na jina lake: Simba, Komando, Popi. Mume wangu, kwa adabu, akamgeukia mama yake. "Mama, wewe unamwonaje?"

Mama mkwe hakuwa ametaka mbwa mwingine ndani ya boma. Akavuta kanga begani. "Mimi? Mimi sisemi."

Mtoto wangu wa mwisho, wa darasa la pili, akapiga makofi. "Bibi amempa jina! Anaitwa Sisemi!" Jina likakaa. Hata mbwa alilikubali upesi kuliko alivyokubali kukojoa nje.

Wiki ya tatu nikapokea barua ya kumwita mzazi shuleni. Mwalimu alikuwa ameona daftari la hesabu limebaki nusu, akauliza ni nani amelirarua. Mtoto akajibu, "Sisemi." Akaulizwa mara ya pili kwa sauti ya juu zaidi. "Sisemi, mwalimu." Nilipofika ilinibidi nieleze jambo hili mbele ya walimu wanne waliokuwa wakinywa chai, na mmoja ikampalia.

Lakini daftari lilikuwa mazoezi tu. Kazi yake hasa tuliigundua siku jumuiya iliposali kwangu. Wanajumuiya walikuja kumi na wanne, mvua ilikuwa imenyesha, na mlangoni vikapangika viatu vya kila aina: kandambili, mabuti ya mvua, raba za kanisani, kata-mbuga za tairi, na viatu vyeusi vya katekista vilivyopakwa rangi hadi unaweza kunyolea ndevu ndani yake. Tukasali rozari yote. Tukaimba. Nikasikia mlangoni kitu kinaburutwa, nikadhani ni kuku.

Tulipotoka, viatu vya kulia vilikuwepo vyote. Vya kushoto vilibaki vitano.

Watu wa Mungu wakasimama kwa mguu mmoja kama korongo. Mwanzoni hakuna aliyetaja mbwa, maana ni vibaya kusema mifugo ya mwenyeji. Walitazama angani, wakatazama migomba. Mwishowe mama mmoja akauliza kwa upole sana, "Jamani, nani amechukua?" Na yule mtoto wangu, ambaye barua ya shule haikumfundisha kitu, akajibu mbele ya katekista: "Sisemi." Katekista akamwambia kusema kweli ni amri ya Mungu.

Aliondoka na kiatu chake cheusi mguu wa kulia, na kushoto kandambili ya waridi ya binti yangu, yenye ua juu. Nilimsindikiza kwa macho hadi kwenye kona. Alitembea kwa heshima yake yote, lakini kandambili ilikuwa fupi na kisigino kilikanyaga Oldeani yenyewe.

Kwa nini cha kushoto, mume wangu ana maelezo marefu kuhusu harufu na mguu tunaoutanguliza. Mimi naona mdomo ulikuwa mdogo tu, haukuweza kubeba viwili. Siwezi kueleza zaidi, na yeye mwenye mdomo jina lake mnalijua.

Msako ulichukua siku nane bila mafanikio. Tulitafuta nyuma ya choo, chini ya ghala, kwenye turubai la maharage ambalo Sisemi alikuwa ameligeuza kitanda. Jibu lilikuja mwezi wa sita, kahawa ilipoanza kuiva. Jirani yetu ana mibuni, na wachumaji wake walianza kuleta debe limejaa kahawa nyekundu na juu yake, kama kifuniko, kiatu. Kila shina nono lilikuwa na chake, kimefukiwa kwa ustadi na kisigino kimeachwa nje kama alama.

Ikaja kampeni ya chanjo ya kichaa cha mbwa, uwanjani shuleni. Watoto walifika na mbwa kwenye kamba za katani. Wa kwangu aligoma kutembea, nikambeba mgongoni kwa kitenge, kichwa nje. Njiani bibi mmoja asiyeona vizuri akanipa hongera ya uzazi. Nikapokea. Ningeanzaje?

Kwenye meza, mtaalamu wa mifugo akachukua kadi. "Jina la mbwa?"

"Sisemi."

"Mama, ni utaratibu tu. Hatumfungi mtu."

"Sisemi."

Akaweka kalamu chini. "Hata herufi ya kwanza?" Foleni nzima ikanicheka, na wengine wakawa wamekaa chini kabisa.

Chanjo ilipokwisha alitueleza mambo mawili. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, hakina dawa. Na yapo maradhi mengine ya mbwa: mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliingia kwa simba wa Serengeti ukaua karibu theluthi moja yao, kama simba 1,000, na wataalamu wakawaelekezea kidole mbwa wa vijijini. Watu wakanyamaza. Simba 1,000! Nikamtazama wa kwangu kwa hofu mpya. Alikuwa chini ya meza akitafuna kamba ya kiatu cha mtaalamu. Cha kushoto.

Juzi usiku fisi alilia karibu kuliko kawaida. Tukamsubiri mlinzi abweke. Kimya. Nikachukua tochi, nikazunguka nyumba nzima, nikamkuta chumbani kwa mama mkwe, kitandani, amefunikwa hadi masikio na ile shuka yake nyekundu anayoikataza hata kwa wajukuu. Mama mkwe alikuwa macho. Nikamuuliza huyu amefikaje hapa. Mnajua alivyonijibu.

Basi, kwa majirani na wote waliopita kwangu tangu masika: viatu vilivyopatikana vimo kwenye ndoo ya bluu kando ya jiko. Kuna raba nyeupe, buti moja la mvua lenye kiraka, kata-mbuga mbili za wenyewe tofauti, na sandali ya mtoto. Cha katekista bado kinatafutwa. Ukija kuchukua chako, tafadhali usivue ulichovaa.