Adui wa Dakika Tisini

Januari 21, 2024, kule San-Pédro, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, Kongo na Moroko zilitoka sare 1-1, kisha kocha wa Moroko, Walid Regragui, akamng'ang'ania mkono nahodha wetu Chancel Mbemba, maneno yakawaka. Mji wetu wa Baraka, huku Fizi, mashariki mwa Kongo, ukapata mtu wa kumchukia bila woga. Adui gani mzuri kama huyo? Ana jina, ana sura, na ukimtukana hakuna wa kukugongea mlango usiku! Januari 30 Afrika Kusini ikaitoa Moroko 2-0. Kwa shangwe zetu, ungedhani Fizi ni mtaa wa Soweto.

Wanaomzomea Djokovic kwenye tenisi wana raha hiyohiyo. Ila sisi, jamani, tunaihitaji zaidi: maadui wetu wengine, wale wa bunduki, hubadili jina kila msimu, hawana refa, na wakicheza rafu huongezewa cheo jeshini.