Tope la Kopo

Jirani yangu wa Ruiru anaunda kifaru cha plastiki kwa kipimo cha 1:35, yaani gari la mita 7 linabaki sentimita 20. Kuunganisha kulikwisha zamani. Shughuli sasa ni kukizeesha: anadonoa rangi kwa kipande cha sponji, anapitisha rangi ya kutu iliyozimuliwa kwenye kila ribiti, kisha anapaka minyororo tope la kopo, lililotoka Ulaya kwa ndege. Tope, jamani! Ruiru, mwezi wa Aprili, na udongo mwekundu umemfika kwenye vifundo vya miguu!

“Lazima kionekane kimepigana, mzee,” ananieleza.

Thika wanaunganisha malori na mabasi tangu miaka ya 1970, na sijasikia mteja aliyeomba lake litoke na kutu. Hapa hapa Ruiru serikali ilifungua kiwanda cha bunduki mwaka 2021. Na bunduki ya kweli hupakwa mafuta isishike kutu. Naye Jumamosi hupeleka gari lake kuoshwa, akilaani doa moja mlangoni.

Lakini haki yake nimpe: kifaru kimechakaa hasa. Kingekuwa barabara ya Thika, trafiki wangeking'oa namba.